Msimnyanyue mtoto huyu kwa kwapa

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako. Mimi ni fundi cherehani hapa Uyole, jijini Mbeya. Kibanda changu kiko karibu na njia panda ya kwenda Tukuyu. Nina binti wa miaka minane ambaye ngozi yake hutoka malengelenge kwa msuguano mdogo tu: kamba ya sketi, ukingo wa dawati, mkono wa mtu anayemvusha barabara. Alizaliwa hivyo, na ataishi hivyo.

Kilichonifanya nishike kalamu ni mama mmoja aliyeletwa kibandani kwangu mwezi uliopita, amebeba kichanga cha wiki tatu. Alisikia kuna fundi mwenye mtoto kama wake. Alipofungua khanga nikaona kwenye kifundo cha mkono wa kichanga mstari wa nyama nyekundu uliozunguka kama bangili. Sikuhitaji kuuliza. Pale ndipo ilipobandikwa plasta yenye jina la mama, na ilipobanduliwa ikaondoka na ngozi. Binti yangu alikuwa na mstari huohuo, mahali palepale, mwaka 2017. Nilikwenda nyuma ya kibanda nikasimama kidogo, kisha nikarudi kuzungumza naye.

Vidonda vingi alivyopata binti yangu, Mhariri, vilitokana na mikono ya watu wema. Ni manesi, bibi yake, wazee wa kanisa, mwalimu, mtoto mwenzake, na mimi mwenyewe baba yake. Hakuna aliyemtakia mabaya. Sote hatukuwa tumeambiwa. Hilo ndilo ninalotaka lisomwe na wakunga, walimu na wazazi wa Nyanda za Juu Kusini, kwa sababu kuambiana hakugharimu chochote.

Mke wangu alikwenda kujifungulia kwao Rungwe, kwa mama yake, akiwa na mimba yetu ya kwanza. Nilipopigiwa simu kwamba amejifungua lakini mtoto ana tatizo, nilifunga kibanda nikapanda Haisi. Mvua ilikuwa inanyesha, kama ilivyo kawaida ya Tukuyu. Nilimkuta mwanangu amelazwa kwenye shuka, mguu wa kushoto kuanzia chini ya goti hadi kwenye kisigino hauna ngozi kabisa. Nesi aliyekuwa zamu alikuwa mama mpole sana. Alinieleza huku machozi yakimlengalenga kwamba alimfuta mtoto kwa taulo kama wanavyofutwa watoto wote, na ngozi ya mgongo ikamfuata mkononi.

Wakadhani ni kaswende, kwa kuwa kaswende ya kurithi kutoka kwa mama huweza kumtoa mtoto malengelenge viganjani na kwenye nyayo. Mke wangu alishapimwa kliniki akiwa mjamzito na hakuwa nayo. Tulipimwa tena wote wawili, hatukuwa nayo. Hata hivyo neno lilikwishatoka nje ya wodi. Wenzako wanapokutazama ukitoka mlangoni unajua wanachowaza, na mke wangu alikuwa na siku tatu tu tangu ajifungue. Kisha wakadhani ni vijidudu vya ngozi, mtoto akachomwa sindano za siku saba. Kila walipomshika mguu ili wamchome, vidole vyao vilibaki vimechorwa juu ya paja lake, na kufika jioni kila alama ya kidole ilikuwa lengelenge.

Mtu wa kwanza kupatia jambo katika kumhudumia mtoto huyu alikuwa mama mkwe wangu, ambaye shule yake iliishia darasa la nne. Aliona shuka inanata kwenye mgongo wa mtoto na kila ikibanduliwa inatoka na nyama. Akaingia kwenye migomba nyuma ya nyumba, akakata jani changa, akalipitisha juu ya moto hadi likalainika, akalipoza, akalitandika. Mtoto akalala juu yake, na asubuhi akanyanyuliwa bila kuacha ngozi. Baadaye sana nikaja kujifunza kwamba madaktari wa India wametumia jani la mgomba, likiwa limetakaswa kwa mvuke, kuwafunika wagonjwa waliounguzwa na moto, kwa sababu uso wa jani lile una nta na haushikani na kidonda. Sisemi mtu akate jani shambani alilaze kwenye kidonda kibichi, maana jani lina udongo na wadudu. Nasema bibi yule aliangalia, akafikiri, halafu ndipo akamgusa mtoto.

Na yeye huyohuyo alituumiza bila kujua. Alimnyanyua mjukuu wake kwa kwapa, kama anavyonyanyuliwa kila mtoto wa Kitanzania, na makwapa yote mawili yakachunika. Mke wangu hajawahi kumbeba binti yetu mgongoni. Wasomaji wanawake watanielewa hapa kuliko wanaume. Mama wa Kinyakyusa asiyembeba mtoto mgongoni anaulizwa sokoni, anaulizwa kanisani, anaulizwa na shangazi zake, na hawezi kila mara kufungua nguo za mtoto kuonyesha kwa nini. Mbeleko hubana mapaja na kusugua tumbo. Tulimbeba mbele, juu ya kipande cha godoro la sponji nilichokikata kwa kipimo chake na kukivalisha shuka kuukuu ya pamba, kama mtu anayebeba sinia.

Ilituchukua miezi minne kumpata mtu aliyeujua ugonjwa huu. Alikuwa daktari wa ngozi hapa mjini Mbeya, aliyesomea Moshi, pale hospitali ya KCMC, ambako tangu mwaka 1992 kipo kituo kinachofundisha wataalamu wa ngozi kwa nchi nyingi za Afrika. Tuliingia chumbani kwake tumejiandaa mtoto alie. Yule daktari hakumgusa. Alisogeza kiti, akasema, "Mama, mfungue wewe mwenyewe, taratibu, mimi nitaangalia." Akatazama kucha za miguu zilizokuwa zimeanza kutoka, akatazama kinywani, akatazama makovu yenye vipele vidogo vyeupe kama punje za mtama. Kisha akamuuliza mke wangu anamnyanyuaje. Kwa miezi minne tulikuwa hatujawahi kuulizwa swali lile.

Akatuambia jina: epidermolisisi bulosa, kwa kifupi EB. Akatuuliza kama tuna undugu. Hatuna. Mke wangu ni Mnyakyusa wa Rungwe, mimi ni Mkinga wa Makete, na kabla ya ndoa hakuna mzee aliyewahi kusikia ukoo wa mwenzake. Alipoona nimeshika tepu ya kupimia mfukoni akaniuliza kazi yangu. Nikamwambia ni fundi. Basi akanieleza kwa nguo, na tangu siku ile ndivyo ninavyowaeleza watu.

Ngozi ina tabaka la juu na tabaka la chini, kama koti lenye bitana. Yapo mengi yanayoshikiza tabaka hizo, na mojawapo ni nyuzi ndogo mno za protini iitwayo kolajeni namba saba, ambazo zimelishona tabaka la juu kwenye la chini. Mwili wa binti yangu haushoni uzi huo, au unaushona mbovu. Kitambaa cha juu kizima, bitana nzima, lakini kati yake hakuna mshono. Ukisugua, vinaachana, na maji yanajaa katikati. Hilo ndilo lengelenge. Kwa sababu mpasuko uko chini, kidonda kikipona kinaacha kovu, na makovu ya vidoleni hunata na kuunganisha kidole na kidole hadi kiganja kifungwe kama ngumi. Uzi huohuo unahitajika kinywani na kooni, ndiyo maana hata chakula humchubua.

Maelekezo ya kutengeneza uzi huo kila mtu anayo mara mbili, moja kutoka kwa baba na moja kutoka kwa mama. Mimi nina moja nzima na moja iliyoharibika. Ile nzima inanitosha, kwa hiyo ngozi yangu haina kasoro na nisingejua hadi kufa kwangu. Mke wangu vilevile. Binti yetu alipokea ile iliyoharibika kutoka kwangu na ile iliyoharibika kutoka kwa mama yake. Katika kila mimba yetu kuna uwezekano wa moja katika nne wa jambo hilo kutokea. Watu hukosea hapa, hata mimi nilikosea: nilidhani kwa kuwa wa kwanza ameumwa basi watatu wanaofuata wamesalimika. Sivyo. Kila mimba inaanza hesabu upya. Mdogo wake alizaliwa mwaka 2020, ana ngozi nzima, anacheza kwenye kokoto. Tulimsubiri kwa hofu ambayo sitaieleza.

Naomba nikae kidogo kwenye jambo hili la nusu na nusu, kwa sababu limevunja nyumba nyingi. Baba zangu wadogo waliitisha kikao. Walishaamua kabla sijafika: ugonjwa umetoka kwa mwanamke, huko Rungwe, wapo waliosema ni laana na wapo waliosema ni wivu wa majirani. Wakanishauri nimrudishe kwao, nioe binti wa nyumbani. Ni wazee ninaowaheshimu, walinilea baada ya baba kufariki, na sikuwa nimewahi kupinga neno lao. Nilisimama nikawaambia, "Baba zangu, nusu ya ugonjwa huu imetoka Makete. Nimeileta mimi." Kikao kilikaa kimya muda mrefu. Baba mdogo mkubwa wao akaniuliza kama daktari aliandika hivyo. Nikampa karatasi yenye mchoro. Hadi leo anayo, na mwaka jana aliitumia kumtetea mke wa mtu mwingine kabisa kijijini. Akina baba mnaosoma barua hii, kama mtoto ana ugonjwa huu na nyinyi wazazi wote mna ngozi nzima, mara nyingi sana ni kwamba mmechangia sawasawa. Usimwache mwenzako aubebe peke yake mbele ya ukoo.

Siyo kila EB ni kama ya binti yangu. Ipo ambayo mpasuko uko juu zaidi kwenye ngozi, malengelenge hutoka hasa nyayoni na viganjani, huzidi wakati wa joto, na wengi wao hukua, hufanya kazi, hupata watoto. Ipo ambayo mpasuko uko katikati kabisa ya tabaka mbili, na aina yake kali huwachukua watoto wakiwa wachanga. Na ipo aina nyingine adimu zaidi, iliyopewa jina la Kindler. Zipo zinazopita kwa mzazi mmoja tu, ambaye yeye mwenyewe ni mgonjwa. Haziambukizi hata moja. Ukimshika, ukila naye sahani moja, ukilala naye, huwezi kuupata. Makadirio yanayotajwa sana na wataalamu ni mtoto mmoja katika vizazi 50,000 hivi. Nchi yetu huzaa watoto zaidi ya milioni mbili kila mwaka, na kama kipimo hicho kinatuhusu, basi ni watoto arobaini na zaidi kila mwaka. Wako wapi? Nimekutana na watatu katika miaka minane, na mmoja wao ni wangu.

Mtoto akiwa na mwaka mmoja na nusu tulikwishahamia hapa Uyole. Jirani alimwona ana ngozi mbichi mapajani akaenda kuripoti kwamba mke wangu anamchoma mtoto kwa maji ya moto. Tuliitwa ofisini, afisa ustawi akaja, tukatenganishwa tukahojiwa kila mmoja peke yake. Mke wangu alitetemeka siku nzima. Nimewahi kukasirika kwa jambo hili, lakini simlaumu yule jirani. Aliona mtoto mwenye vidonda akachukua hatua, na wako watoto ambao hatua kama hiyo ingewaokoa. Kama angekuwa amewahi kusikia jina la ugonjwa huu hata mara moja redioni, angebisha hodi kwanza. Tangu siku ile mke wangu hutembea na barua ya daktari kwenye pochi, imewekwa nailoni, imechakaa kwenye mikunjo.

Sasa niseme tunavyoishi, kwa sababu najua kuna mzazi mahali fulani, Mbarali au Ludewa au Mafinga, anayehitaji hili kuliko mengine yote niliyoandika.

Tunaamka saa kumi na moja alfajiri. Maji yaliyochemshwa yenye chumvi kidogo tunayaacha yafikie uvuguvugu, kisha tunalowesha bandeji za jana hadi ziachie zenyewe. Gozi, kile kitambaa chepesi cha kufunikia vidonda, ikikauka haivutwi, hata kama gari la shule linapiga honi. Lengelenge lolote lenye maji tunalitoboa kwa sindano mpya ya dukani, upande wa chini, tunalikandamiza taratibu kwa gozi maji yatoke, na ile ngozi ya juu tunaiacha palepale ilale kama kifuniko. Nilikuwa naogopa sana jambo hili, hadi daktari aliponieleza kwamba lengelenge la EB halijui kusimama. Usipolitoboa linaendelea kujaa na kuchana ngozi nzima pembeni yake. Kisha gozi iliyopakwa mafuta ya mgando kwa wingi, juu yake gozi kavu, juu yake bandeji ya kuzungushia, na mwisho tunafunga fundo. Plasta haigusi mwili wake mahali popote. Vidole tunavizungushia kimoja kimoja, kila kimoja na utepe wake, ili visinate kwa mwenzake usiku. Kidole cha mwisho na cha kabla yake cha mkono wa kulia vimeshaungana nusu. Vile vilitushinda kabla hatujajua. Vinane vilivyobaki, pamoja na hivyo viwili, tunavipigania kila usiku.

Kazi hiyo huchukua saa mbili. Mke wangu anafunga, mimi nakata na kushika. Binti yangu anahesabu. Alijitungia mwenyewe kwamba tukifika mia moja tunapumzika, anakunywa uji, tunaanza tena.

Kwenye nguo ndipo Mungu alipoamua kunitumia. Nilizoea kuficha mishono ndani, kama fundi yeyote. Kwake nimegeuza: mishono yote iko nje, na ndani hakuna pindo, hakuna lebo, hakuna lastiki, hakuna zipu. Nashona kwa fulana kuukuu za pamba ambazo mke wangu huchagua kwenye marobota pale Mwanjelwa, zile zilizofuliwa hadi zimekuwa laini kama tumbo la kitoto cha kuku. Fulana mpya haifai, inakwaruza. Gauni linafunguka begani hadi chini kwa vitepe vya kufunga, ili asivalishwe kwa kupitishwa kichwani. Hapa kwetu mwezi wa sita na wa saba baridi ni kali na kila mtoto anavaa sweta la shule. Sufu ile ilimla shingo. Nililifumua sweta, nikalitia bitana ya fulana ndani nzima, hata mikononi, na nje linafanana na la wenzake. Siku alipolivaa alijitazama kwenye kioo cha kibandani akauliza kama linaonekana tofauti. Nikamwambia halionekani. Akatabasamu, akaondoka nalo.

Chakula ni laini na chenye nguvu. Daktari alitueleza kwamba mwili wenye vidonda vingi hivi unatumia chakula kingi zaidi ya mwili wa mtoto mwingine, na damu hupungua kwa kuvuja kidogo kidogo kila siku, hivyo anakunywa dawa ya kuongeza damu. Anakula ndizi zilizopondwa kwa maziwa, viazi vilivyopondwa, parachichi, mtindi, uji wa ulezi. Rungwe na Mbeya tumebarikiwa, vyakula hivyo vyote vinatoka kwenye udongo wetu. Makande ya shuleni hawezi, maganda ya mahindi humchana kooni. Vyote tunavipoza. Cha moto kinamtoa malengelenge kinywani.

Shule ya kwanza tuliyoiomba ilimkataa, wakihofia wazazi wengine watawatoa watoto wao. Ya pili ilimpokea. Mwalimu wake wa darasa la kwanza alinipa nafasi ya kuzungumza na watoto, nikaenda na koti lenye bitana nikawaonyesha. Nilimwomba mwalimu mkuu kwamba mtoto huyu asiguswe kwa fimbo kamwe, asipelekwe kufyeka, asibebeshwe ndoo. Alikubali akaandika. Anakalia mto wa sponji, kalamu yake nimeizungushia kitambaa iwe nene, na sasa yuko darasa la pili anasoma vizuri kuliko nilivyosoma mimi.

Masika iliyopita alikuwa anashuka ngazi za darasani akateleza. Mvulana wa darasa lake akamwahi, akamdaka kwa mkono asianguke kwenye tope. Ngozi ya mkono ikatoka kuanzia kwenye kiwiko hadi kwenye kifundo, ikabaki kwenye viganja vya yule mtoto. Binti yangu alipona kidonda kile baada ya majuma sita. Yule mvulana alikataa kwenda shule wiki nzima. Nilikwenda kwao jioni, nikamkuta amejificha nyuma ya mama yake. Nilimwambia kwamba alimwokoa mwanangu na kuanguka, na kwamba kosa ni langu kwa kuwa sikuwafundisha namna ya kumdaka. Kisha nikamwonyesha: unakinga mikono yote miwili wazi chini yake kama unayepokea mzigo, au unashika nguo, hushiki mwili. Tulifanya mazoezi kwenye ua wao hadi giza likaingia.

Najua yanayofanyika duniani. Mwaka 1978 mama mmoja wa Uingereza, Phyllis Hilton, aliyekuwa na binti mwenye ugonjwa huu, alianzisha chama cha kwanza cha wagonjwa wa EB, kikaitwa DEBRA kwa jina la bintiye. Mwaka 2015 madaktari wa Ujerumani, pamoja na wataalamu wa Italia, walimvisha mtoto mkimbizi wa Syria ngozi iliyooteshwa maabara kutokana na chembe zake mwenyewe zilizorekebishwa, takriban asilimia 80 ya mwili wake, naye alikuwa karibu na kufa. Mwezi Mei 2023 Marekani iliidhinisha jeli ya kupaka kwenye vidonda, ambayo hupeleka maelekezo mazima ya kolajeni namba saba ndani ya ngozi. Inapakwa mara moja kwa wiki. Bei yake kwa mwaka ni mamia ya maelfu ya dola. Namwombea kila mtoto anayeipata. Siandiki barua hii kuidai.

Ninachoomba kinapatikana Mbeya leo hii. Kwenye wodi za wazazi, mtoto akizaliwa na sehemu isiyo na ngozi au akitoka malengelenge mahali aliposhikwa, mikono isimame kwanza. Asifutwe kwa kusuguliwa. Asibandikwe plasta wala kufungwa utepe wa jina mkononi. Jina liandikwe kwenye shuka. Asinyanyuliwe kwa kwapa: mkono mmoja uingie chini ya makalio, mwingine nyuma ya mabega na shingo, au anyanyuliwe pamoja na kigodoro chake. Na apelekwe kwa mtaalamu wa ngozi mapema, wazazi wasianze kuzungushwa kwenye kaswende na moto na uchawi. Maelezo haya yanaenea kwenye ukurasa mmoja unaoweza kubandikwa ukutani, juu ya mzani wa kupimia vichanga.

La pili, gozi na bandeji. Kwa wiki moja zinakula pesa kuliko suruali mbili ninazoshona, na nina wiki ambazo sishoni hata moja. Bunge letu lilipitisha Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote mwaka 2023. Wanaopanga orodha ya kile ambacho bima italipia nawaomba wajue kwamba kwa mtoto huyu gozi ndiyo dawa. Hana kidonge. Kuna familia zinazofua bandeji na kuzirudia, nasi tumewahi kufua, na kila tulipofua tulikuwa tunasubiri usaha.

La tatu ninalisema kwa shida. Daktari alitueleza kwamba watoto wenye aina hii kali wakifikia ujana au utu uzima wa mapema, saratani ya ngozi huweza kuanzia kwenye kidonda cha muda mrefu. Kwa hiyo kidonda kisichopona kwa miezi, au kinachoota kama uvimbe, kinatakiwa kukatwa kipande na kupimwa bila kusubiri. Mke wangu hapendi nilizungumze nyumbani. Ninaliandika hapa ili vijana wenye EB waliokwishakua, waliojificha majumbani kwa aibu, watoke wakaangaliwe.

Yule mama wa kichanga cha wiki tatu alikaa kibandani hadi saa kumi na moja jioni. Mke wangu alikuja akamwonyesha namna ya kulowesha na kufunga, wakaondoa gozi iliyokuwa imegandia mguuni, ilichukua karibu saa nzima na kichanga kililala katikati ya kazi. Mimi nilikata gauni mbili kwenye fulana moja ya kijivu. Binti yangu alirudi kutoka shule akasimama mlangoni na begi lake, akatazama, kisha akamwambia yule mama, "Shikamoo mama. Mishono iwe nje, na lebo mtoe."

Kama kuna mzazi mwingine, Mhariri, namba yangu unayo, mpe. Nguo za watoto hawa nashona bila malipo. Waje na fulana ya pamba iliyochakaa, na waniletee kipimo cha kifua, urefu wa mkono na unene wa bandeji.

Wako,
Fundi cherehani, Uyole, Mbeya
(Naomba jina langu lihifadhiwe kwa ajili ya mtoto)